Jaji wa Santuri na Jino la Nyundo

Jumatatu, 3 Machi

Nyundo yuko kliniki. Naandika haya nikiwa nimekalia gunia la plasta, na mlango nimeutia komeo.

Niweke mambo wazi, isije kitabu hiki kikakutwa na polisi pembeni ya mwili wangu. Mimi ni fundi wa meno ya bandia. Mwaka wa kumi na tisa sasa nakaa chumba cha nyuma cha kliniki ya Daktari, natengeneza meno ya watu nisiowaona. Alama za meno yao, zilizong'atwa kwenye donge laini, hunijia kupitia kidirisha kidogo ukutani, na meno hurudi kupitia kidirisha hichohicho. Hakuna anayeniuliza maoni yangu juu ya lolote. Nyumbani nako ni hivyohivyo.

Lakini kila Jumamosi saa nne asubuhi mimi si fundi. Mimi ni Jaji wa Santuri. Napiga simu redioni, kwenye kipindi cha albamu, na mtangazaji husema nyamazeni wote, Jaji yuko hewani. Basi natoa hukumu. Rap, roki, nyimbo za kiasili, zote zinapita mbele yangu. Hakuna anayeijua sura yangu wala jina langu. Sijawahi kumwogopa mtu nikiwa na simu sikioni.

Juzi ilikuwa zamu ya Saruji, albamu ya kwanza ya huyo anayejiita Nyundo. Nilisema hivi: "Kwa hisani ya masikio yangu, nimesikiliza nyimbo zote kumi na mbili. Nimeelewa maneno tisa, na manne kati ya hayo ni jina lake. Kijana anarap kama mtu aliyetiwa kiazi cha moto mdomoni akaambiwa asiteme." Mtangazaji alicheka hadi akalazimika kuweka tangazo la sabuni. Sikuishia hapo. Nikapitia na albamu ya zamani ya nyimbo za kiasili, Kisima cha Kati, magitaa mawili ya mbao na wanawake wanne. Magitaa nikayasifu. Mwanamke anayeitikia nyuma nikamfananisha na mlango wa ghala usiotiwa mafuta.

Siku nzuri sana ile.

Leo saa tatu nikasikia kiti cha wagonjwa kikilia kwa uzito. Nikachungulia kidirishani. Mabega yalipita kiti pande zote mbili. Jino la mbele limekatika nusu, na mawili ya pembeni hayapo kabisa. Daktari akamuuliza nini kimemleta leo, maana pengo linaonekana ni la muda mrefu. Akasema kuna mtu redioni anaitwa Jaji wa Santuri. Akasema: "Namtafuta, Daktari. Nikimpata nitamwonyesha."

Daktari akamwambia apanue mdomo.

Dakika kumi baadaye kidirisha kikafunguka, nikakabidhiwa alama ya meno ya Nyundo, bado ina joto lake. Nimeikagua. Taya kama mtego wa chui. Nimepewa kazi ya kumtengenezea adui yangu jino la kuning'atia.


Jumanne, 4 Machi

Jana nilirudi nyumbani kwa njia ya nyuma ya karakana, nikaruka mtaro, nikachana suruali. Mke wangu akauliza nani ananifukuza. Nikasema nafanya mazoezi. Ameniangalia kwa muda mrefu kuliko jibu lilivyostahili.

Habari mbaya zimeongezeka. Mtangazaji ameniandikia ujumbe. Anasema Nyundo alipiga simu kituoni kuomba namba yangu. Amemnyima, lakini amemwalika Jumamosi studioni, na sasa ananiomba mimi nipige simu tuongee naye hewani, mtu na mtu. Anasema wasikilizaji watafurahi. Bila shaka watafurahi. Hata watu wanaotazama nyumba ikiungua hufurahi, mradi si yao.

Nimefikiria kutoroka. Nimefikiria kuzima simu. Lakini Jaji akinyamaza wiki hii, mji mzima utasema ameogopa. Kuogopa ninaogopa, ila sitaki kusemwa.

Tatizo kubwa si Jumamosi. Tatizo ni keshokutwa, Alhamisi. Nyundo anakuja kujaribishwa jino la nta, na siku ya kujaribisha lazima fundi atoke chumbani kulinganisha rangi. Lazima niseme naye. Na sauti yangu, kila mtu anakubali, haifanani na ya mtu mwingine. Mtangazaji husema ni sauti ya kinanda kilichoingiwa na vumbi.

Nimewaza mchana kutwa huku nikisugua meno ya bibi mmoja. Saa tisa nikapata jibu. Mtu akibadilishiwa umbo la mdomo, sauti hubadilika. Nani katika mji huu anaweza kubadili umbo la mdomo kwa mikono yake mwenyewe, bila mtu kujua?

Nilicheka peke yangu. Daktari akagonga kidirisha kuuliza kama nimevuta gesi ya ganzi.


Jumatano, 5 Machi

Kibati kimekamilika. Ni kipande cha plastiki ya rangi ya ufizi, kinabana kwenye kaakaa, kinene upande wa kushoto. Nikikivaa natoa sauti nzito yenye mate, kama afisa aliyestaafu. Nimejitazama kwenye kioo nikasema "karibu sana, mgonjwa" mara thelathini.

Nimekijaribu nyumbani wakati wa chakula cha mchana. Mke wangu akasema naongea kama marehemu mjomba wake, tena siku zake za mwisho. Mama Mkwe, ambaye yuko kwetu tangu mwezi uliopita, hakusema kitu. Hili likanishangaza. Mama Mkwe huwa na neno juu ya kila jambo langu, kuanzia ninavyovaa viatu.

Mke wangu akanivuta jikoni. Akaninong'oneza kwamba mama yake hajaimba tangu Jumamosi. Nikakumbuka kweli, asubuhi hizi kumekuwa kimya. Kwa kawaida huimba akiosha vyombo, na mimi huziba masikio kwa taulo. Nikauliza kulikoni. Akasema kuna mtu hana adabu alipiga simu redioni, akaisema vibaya santuri moja ya zamani, akamwita mwitikiaji mlango wa ghala.

Nikauliza kwa sauti ya afisa mstaafu hilo linamhusu nini Mama.

"Mwitikiaji ni yeye," mke wangu akasema. "Alikuwa na miaka ishirini na mbili. Ndiyo santuri pekee aliyowahi kurekodi."

Nimeoa katika nyumba hii miaka kumi na sita. Hakuna aliyewahi kuniambia. Au waliniambia nikiwa nasikiliza muziki.

Nilikaa uani nikiwa nimeshika sahani tupu. Sasa nina watu wawili wa kuwaogopa, na mmoja wao analala chumba cha pili. Tena yule wa pili simwogopi kwa ngumi. Namwogopa kwa namna alivyokaa pale mezani, mikono mapajani, kama mgeni.

Ikabidi nitengeneze jambo. Saa nane kuna kipindi cha salamu. Nikavaa kibati, nikapiga simu, nikajitambulisha kama Msikilizaji Mpole. Nikasema Kisima cha Kati ni albamu ya karne, na yule mama mwitikiaji ana sauti ya asali iliyochujwa mara mbili. Nikamwagilia sifa dakika nzima. Mtangazaji akashukuru kwa unyonge. Aliyepiga simu baada yangu akasema huyo Mpole anasikika kama jamaa wa familia, na kwamba yeye anamsubiri Jaji wa Santuri, maana Jaji hapendelei mtu.

Nimeshindwa na jina langu mwenyewe. Nilipoingia ndani Mama Mkwe alikuwa ameshazima redio.


Alhamisi, 6 Machi

Naandika kwa shida. Shavu la kushoto limekuwa kama mkate. Nieleze kwa mpangilio.

Nyundo alifika saa nne kamili. Nikavaa kibati, nikashika kibao cha rangi za meno, nikatoka. Nikasema karibu sana, mgonjwa. Hakushtuka. Kibati kilikuwa kinafanya kazi.

Nikamsogelea na kibao. Kwa mara ya kwanza nikamwona kwa karibu, na nikaona kitu ambacho sikukitegemea. Alikuwa ameshika mikono ya kiti kwa nguvu, vidole vimekakamaa. Jasho linamtoka juu ya mdomo. Akaniuliza kwa sauti ndogo kama leo kuna sindano. Nikamwambia hakuna, leo ni kupima tu. Akashusha pumzi. Akaniomba msamaha, akasema vyumba vya namna hii vinamtoa roho, ndiyo maana amekaa na pengo miaka miwili.

Akanieleza bila kuulizwa, kama waongeavyo watu wenye hofu. Alikuwa mjenzi. Alianguka kutoka jukwaa la ghorofa ya pili, akatua kwenye ukingo wa toroli. Alipotoka hospitali hakuweza kubeba tena, akaanza kuandika mashairi yake. Albamu akairekodi na pengo hilohilo. Rafiki zake wote wakamwambia iko moto. Dada yake akasema iko moto. Akaniuliza: "Fundi, ukiniwekea hili jino, 'sa' itatoka sawa? Na 'tha' je?"

Nikamwambia itatoka.

Akasema vizuri, kwa sababu akimpata yule Jaji, anataka amwonyeshe akiwa na meno kamili.

Hapo mate yakanipalia. Nikakohoa. Kibati kikaruka kutoka mdomoni, kikapiga taa ya Daktari, kikaanguka kwenye bakuli la kutemea.

Wote tukakitazama.

Daktari akakiokota kwa kibano, akakigeuza, akauliza hiki ni nini. Nikiwa nimefunika mdomo kwa kiganja, nikasema nina jino linaniuma, nimejitengenezea kinga. Ilikuwa hila nzuri ya ghafla. Kasoro yake ni kwamba nilimwambia daktari wa meno.

Akamwomba Nyundo asogee, akanikalisha mimi kitini. Nikapinga kwa ishara tu, maana nisingethubutu kutoa sauti yangu mbele ya Nyundo. Daktari akatazama. Akasema fundi, hili gego la nyuma limeoza hadi chini, umekaa nalo muda gani. Nikaonyesha vidole sita. Akauliza miezi? Nikatikisa kichwa.

Sasa niandike jambo ambalo mke wangu halijui. Mimi ninayetengeneza meno ya nusu ya mji, sijawahi kukaa kwenye kile kiti. Najua kila chombo kwa jina, ndiyo maana.

Nilipoiona sindano ya ganzi nilijaribu kushuka. Mkono mkubwa ukanikamata kiganja. Nikajua mwisho wangu umefika, amenitambua. Lakini mkono haukuvunja kitu. Ulikaa tu pale, mzito na wenye jasho.

"Tazama dari, fundi," Nyundo akasema. "Mimi huhesabu misumari. Usiogope, nipo hapa."

Nilihesabu misumari kumi na minne kabla ya koleo kumaliza kazi. Alinishika hadi mwisho. Wakati wa kuondoka akanipigapiga bega, akaniambia nimejikaza kiume. Nilikuwa nimelia wazi mbele ya watu wawili.


Ijumaa, 7 Machi

Usiku sikulala, na asubuhi nimefanya jambo baya.

Nilifika mapema kabla ya Daktari. Mezani ulikuwapo mdomo wa Nyundo wa plasta, na juu yake meno matatu ya nta, tayari kwa kumalizia. Nikawaza hivi: asipopata jino leo, kesho hataenda redioni, kwa sababu hataki kukutana na Jaji bila meno kamili. Asipoenda redioni, hakuna mtu na mtu. Nikaushika ule mdomo wa plasta. Nikaufikisha ukingoni mwa meza. Nikatazama pembeni, kama vile aliyekuwa anausukuma ni mwingine.

Ulivunjika vipande vitatu.

Nikamwambia Daktari umeteleza. Hakugomba. Daktari hagombi, ni mwanamke anayekutazama tu. Alimpigia Nyundo simu arudi kuchukuliwa alama upya. Nilidhani atasema hana nafasi. Alifika kwa nusu saa, amekimbia, shati limelowa.

Kuchukua alama ni kujazwa kinyunga, lile donge laini, mdomoni na kusubiri kigande. Kwa mtu mwenye hofu ni kama kuzama. Nilichungulia kidirishani. Alitapika mara mbili. Akaomba samahani mara mbili. Mara ya tatu akafumba macho, akakaa, machozi yakimshuka kwenye masikio. Nilirudi kwenye gunia langu la plasta, nikakaa. Sikuweza kutazama zaidi.

Mchana Daktari alikuja chumba cha nyuma na kikombe chake, jambo asilolifanya. Akaweka muziki wa roki kwenye simu. Nikaitambua albamu mara moja: Nguzo na Nyaya, bendi iliyokufa zamani. Mwezi wa kwanza niliisema redioni kwamba mpiga gitaa zito la besi anapiga kama mtu anayetafuta mlango wa kutokea gizani. Daktari akasema yule mpiga gitaa ni yeye, enzi za chuo.

Nikaangusha tupa. Ya kusugulia meno.

Akasema hukumu ile ilimkera siku mbili, kisha akaisikiliza santuri tena, akakuta ni kweli, akacheka sana. Akasema: "Yule Jaji ana masikio. Shida yake anasemea mbali." Akanywa kahawa yake, akanitazama shavu, akaondoka.

Nimefanya kazi bila kuinuka hadi saa kumi na moja. Nimemtengenezea Nyundo meno bora kuliko yote niliyowahi kutengeneza. La mbele nimelipunguza ncha kidogo kwa ajili ya 'sa', na Daktari amemvalisha jioni hii. Nimejifariji kwamba sasa tuko sawa. Halafu nikakumbuka kwamba sasa anaweza kwenda redioni.


Jumamosi, 8 Machi

Yameisha. Yaani yameanza.

Saa nne kasoro tano mke wangu na Mama Mkwe walikuwa sebuleni na redio. Nikasema naenda uani kuanua nguo. Nikajificha nyuma ya shuka, nikapiga simu, nikaambiwa nisubiri.

Nyundo alikuwa studioni. Mtangazaji akamuuliza kama amekuja kupigana. Nyundo akacheka. Kila neno lilitoka limekamilika. Nilisikia lile jino la mbele likifanya kazi yake. Akasema hapana, amekuja na wimbo mpya, anataka Jaji ausikie wa kwanza. Akauimba pale bila mdundo, anapiga meza kwa kiganja.

Ulikuwa juu ya kuanguka. Ubeti wa kwanza ni wa kawaida, amepanga vina kama tofali za haraka. Lakini ubeti wa pili, pale anapolala chini anasikia wenzake wakibishana nani aende kumwambia mama yake, nilijikuta nimekaa kwenye beseni la nguo. Ubeti wa tatu haukuhitajika. Anaeleza alichokwisha kukionyesha. Angeukata wote, wimbo huo ungebaki kichwani mwa watu miaka.

Hayo ndiyo niliyoyasikia. Haya ndiyo niliyoyasema.

Mtangazaji akatangaza Jaji yuko hewani. Nyundo akasema: "Mzee, niambie ukweli tu. Wewe ndiye hukunidanganya." Akilini nikaona yale mabega. Nikaona na mlango wa sebule. Nikasema kwa hisani ya masikio yangu, huo ni wimbo bora kuliko zote nilizowahi kusikia, hauna kasoro hata moja, na albamu ya Saruji pia nimeirudia nikaona ni bora, na Kisima cha Kati ni bora, na yule mama mwitikiaji ni bora kabisa, na Nguzo na Nyaya hasa gitaa zito ni bora vilevile. Nikaishiwa pumzi.

Mtangazaji hakupata hata mzaha. Nyundo akasema taratibu, "Kumbe na wewe." Akanishukuru. Sauti yake ilikuwa ile ya kitini, ndogo. Likaja tangazo la sabuni.

Nikakata simu, nikafunua shuka. Mke wangu amesimama na kapu. Nyuma yake Mama Mkwe. Mke wangu akasema walinisikia mara mbili, kwanza kutoka uani, kisha kutoka redioni, nimechelewa kidogo.

Sikuwa na hila. Nilitafuta, sikuipata.

Mama Mkwe akasogea akakaa kwenye beseni nililotoka mimi. Hakukasirika, na hilo ndilo lililoniogopesha. Akasema siku ile ya kurekodi walimwambia aimbe juu kuliko sauti yake, kwa sababu yule mwenye sauti ya juu alikuwa mjamzito amechoka. Akasema yeye mwenyewe amejua miaka yote kwamba analia kama mlango. Alinyamaza wiki nzima akijiuliza ni nani huyo mwingine aliyesikia. Kisha akaniuliza: "Sasa mkwe wangu, leo umesema ni bora kabisa. Lipi nilichukue?"

Nilifungua mdomo, nikasema shavu linaniuma.

Akainuka akaingia jikoni. Muda mfupi baadaye akaanza kuimba, juu, kwa makusudi, dirisha wazi. Anaimba hadi sasa. Mke wangu amechukua taulo zote amezifungia kabatini.


Jumatatu, 10 Machi

Nyundo amekuja kurekebishiwa, kuna mahali plastiki inamchubua. Daktari alinipa kikwaruzo, akasema nimfanyie mwenyewe, yeye anakwenda kununua pamba. Pamba tunayo makasha mawili. Nikaelewa kwamba ananiachia uwanja, na kwamba pengine amejua muda mrefu. Kidirisha kile sauti hupita pande zote mbili, na mimi huzifanyia mazoezi hukumu zangu nikiwa nasugua meno.

Nilikuwa peke yangu naye, bila kibati. Nikafanya kazi kwa kimya. Alikuwa mnyonge. Akasema fundi, ulisikia redio Jumamosi? Nikaitikia kwa kichwa. Akasema basi niambie wewe unayejua midomo, ule wimbo ulikuwaje.

Sijui nini kilinipata. Labda kwa sababu alikuwa ameshanishika mkono. Labda nilidhani naulizwa juu ya matamshi. Nikajibu: "Kwa hisani ya masikio yangu, ubeti wa tatu uukate. Wa pili umeshasema."

Nilisikia maneno yakitoka. Nilijaribu kuyafuata kwa mkono.

Nyundo aligeuza kichwa polepole. Akanitazama shavu, akanitazama kikwaruzo mkononi, akanitazama machoni. Nikarudi nyuma hadi mgongo ukagusa ukuta. Akasimama. Chumba kikawa kidogo. Akasema, "Nilisema nikikupata nitakuonyesha."

Akatia mkono ndani ya koti. Nikafumba macho. Niliwaza juu ya mke wangu na bima.

Kikaja kitu kikanigusa kifuani, chepesi. Nikafumbua jicho moja. Lilikuwa daftari. Kubwa, la mistari, limechakaa pembe. Kumbe ndilo alilotaka kunionyesha tangu mwanzo: nyimbo za albamu ya pili, zote kwa mwandiko wake. Tuliketi, yeye kwenye kiti cha wagonjwa na mimi kwenye kigoda, tukasoma kurasa tano. Nikamwambia lipi zuri na lipi la kutupa, usoni kwake, na hakuna aliyepigwa. Aliukata ubeti wa tatu palepale, kwa kalamu ya kliniki. Nikamwomba radhi juu ya kiazi. Juu ya mdomo wa plasta sikusema kitu. Mambo mengine hayana haja.

Ameniomba Jumamosi ijayo nifike studio anakorekodia, nikae nao, nisikilize na kusema. Nimekubali. Nimerudi nyumbani kwa njia ya mbele. Mke wangu amesema naonekana mrefu.

Nimeamua kuanzia leo nitasema maoni yangu kwa jina langu na mbele ya mtu mwenyewe.


Jumamosi, 15 Machi

Nilivaa shati la harusi. Nilifika studio saa nne kasoro robo. Nilisimama mlangoni, mlango ni wa kioo.

Ndani walikuwa watu saba. Nyundo, mpiga kinanda, wengine siwajui. Walikuwa wameweka kiti katikati, kimeelekea kwao. Kitupu. Wote wakikitazama kile kiti, mara wakitazama saa. Wale sita hawajawahi kunishika mkono.

Niligeuka nikaondoka. Nimemwandikia Nyundo kwamba shavu limerudi.

Nikiwa njiani nimewaza kwa utulivu, nikagundua nilipokosea. Kosa langu lote lilikuwa kituo. Kituo kile ni kikubwa mno, kinasikika kila mahali. Kuna kingine kidogo, masafa ya mwisho kabisa, wasikilizaji wachache, na kina kipindi cha albamu saa tano. Nikaingia nyuma ya duka la mbao, nikapiga, nikajitambulisha kwa jina jipya kabisa: Hakimu wa Midundo.

Walikuwa wanazungumzia albamu ya nyimbo za kiasili ya kikundi cha wauza nyama wa sokoni, wanaume tisa na ngoma. Nilipata kila neno nililolihitaji. Nikasema ngoma ziko vizuri ila waimbaji wanaukata wimbo kama wanavyokata mbavu, bila kujali kiungo kilipo. Nikasema kiongozi wao ana sauti ya kitu kinachopinga kuchinjwa. Mtangazaji alicheka vizuri sana, pengine kuliko yule wa kwanza. Nilijisikia mwepesi, kama zamani.

Akaniambia kikundi kizima kiko nao studioni, wamenisikia, na wametoka sasa hivi kwa pamoja bila kuaga.

Nimejifungia chumbani. Mke wangu amegonga kuuliza kama kesho nitapitia buchani, maana kuna wageni. Nimemwambia Daktari amenikataza nyama maisha.